Ile Pembetatu ya Buluu: Nani Alikuchorea Mpaka Kichwani?

Hebu fanya jaribio dogo kabla hujaendelea kusoma. Shika simu, tafuta picha za ule mzozo wa mpaka wa bahari kati ya Kenya na Somalia. Utakachopata nakijua: ramani. Nchi kavu iko kushoto, bahari iko kulia, na hapo baharini kuna pembetatu imepakwa rangi. Ndani ya pembetatu kuna viboksi vyenye herufi na namba. Vile viboksi ni vitalu vya mafuta.

Sasa niambie, kwenye hiyo ramani Kiunga iko wapi? Kizingitini je? Faza? Ishakani? Mara nyingi utaona neno "Lamu" limeandikwa kidogo pembeni, basi. Ukiitazama unaweza kuapa kwamba huku kwetu hakuishi mtu, kuna mafuta tu yanasubiri mwenyewe aje ayachukue.

Mimi ni wa Amu. Chuo niliacha, hilo mnalijua na mnanikumbusha kila wiki. Lakini kusoma sikuacha, na jambo moja nimelisoma mpaka likaniuma: mpaka huchorwa mara mbili. Mara ya kwanza wanauchora wanasheria na maofisa, kwa vipimo. Mara ya pili anauchora mhariri wa gazeti, kwa maneno na picha. Ule wa kwanza uko kwenye makaratasi ambayo wewe na mimi hatuyafungui. Ule wa pili ndio tunaobishania kwenye matatu, kwenye baraza na kwenye simu. Na ule wa pili una historia yake. Twende taratibu.

Kabla ya viboksi kulikuwa na watu

Wabajuni hawakuanza na Kenya wala Somalia. Makazi yao ya zamani yanaanzia visiwa vya huku Lamu, yanapanda kaskazini kupitia Kiwayu, Kiunga na Ras Kamboni, yanapitia Chula na Koyama, mpaka karibu na Kismayu. Ni ukanda mmoja wa bahari. Lugha ni moja, Kibajuni, tawi la Kiswahili. Wanavua samaki wale wale, wanaoleana, na upepo wa kaskazi na wa kusi ndio uliokuwa ratiba yao ya usafiri. Mtu wa Kizingitini kuwa na shangazi Koyama halikuwa jambo la ajabu, kama wewe ulivyo na shangazi Kisumu.

Tarehe 15 Julai 1924, Uingereza na Italia zilitia sahihi mkataba. Jubaland, pamoja na mji wa Kismayu, ikatolewa kwenye himaya ya Kenya na mwaka uliofuata ikakabidhiwa Italia. Sababu? Italia iliingia Vita vya Kwanza vya Dunia upande wa Uingereza, na sasa ilikuwa inadai ahadi yake. Yaani Kismayu ililipiwa deni la vita vya Ulaya. Hakuna Mbajuni aliyeketi kwenye ile meza.

Baadaye tume ikatembea nchi kavu ikisimika alama za mpaka. Ile ya mwisho, namba 29, iko karibu na ufuo, mahali panapoitwa Dar es Salam. Sio ile ya Bongo, ni nyingine, ndogo, huku kwetu. Nchi kavu wakaimaliza, lakini bahari waligusa ukingoni tu. Bahari ya mbali, ile ya kina kirefu, haikugawanywa. Wakati huo haikuwa na thamani machoni pa mtu wa London wala wa Roma. Shimo hilo ndilo lililokuja kuwa kesi miaka tisini baadaye.

Kumbuka hapo: watu waligawanywa kwanza. Ugomvi wa maji ulikuja baadaye sana. Lakini ukisoma habari za mzozo huu, ni kama kila kitu kilianza siku mafuta yaliponuswa.

Neno moja lilivyofanya kazi ya jeshi

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Kabla mwezi haujaisha, serikali ilikuwa imetangaza hali ya hatari kaskazini mashariki. Wakazi wengi wa ile iliyoitwa NFD walikuwa wametaka kujiunga na Somalia, na tume iliyotumwa na Waingereza mwaka 1962 kuwauliza ilikuta hivyo. Waingereza hawakulifuata jibu lile. Vita vikaanza, vikaendelea mpaka mwaka 1967, pale Kenya na Somalia zilipokubaliana Arusha kutuliza mambo.

Sasa angalia jina la vita hivyo. Serikali iliwaita wale wapiganaji "shifta", na magazeti yakachukua neno hilo likawa la kila siku. Shifta maana yake ni jambazi, mnyang'anyi wa njiani. Ukimwita mtu mwasi, msomaji atauliza, anaasi nini? Ukimwita jambazi, hakuna swali. Jambazi hana hoja, na hana mpaka anaoudai. Anafukuzwa tu. Unaweza kupinga walichotaka wale watu, na mimi sisemi walikuwa sahihi. Nasema neno moja lilimfungia msomaji wa Nairobi mlango wa kuuliza.

Na sisi huku? Vijiji vya Wabajuni vya upande wa bara, kaskazini ya Lamu, vilishambuliwa na watu wakahama. Wengine walikimbilia Faza, wengine Amu, wengine Malindi na Mombasa. Mashamba yakabaki, visima vikabaki. Hao walikuwa wahanga wa ile vita, lakini kwenye picha kubwa iliyobaki vichwani mwa Wakenya, kaskazini ni kwa shifta, full stop. Wabajuni walipotea katikati: si shifta, si wanajeshi, si habari.

Ndio maana wazee wetu bado wanasema "wakati wa shifta" kama vile mwenzako anavyosema "wakati wa korona". Kwao ni tarehe. Kwa msomaji wa mbali ni aina ya watu. Tofauti hiyo ndiyo ninayotaka uishike.

Ikaja 2011. Septemba, mtalii Mwingereza akatekwa Kiwayu na mumewe akauawa. Oktoba, Mfaransa akatekwa Manda. Mwezi huo huo jeshi la Kenya likaingia Somalia. Juni 2014, Mpeketoni na jirani zake, zaidi ya watu 60 wakauawa. Hizi zilikuwa habari kubwa na zilistahili ukurasa wa mbele. Lakini marufuku ya kuvua usiku iliyofuata, iliyowakaa wavuvi wetu shingoni kwa miaka, hiyo iliandikwa vipi? Kidogo, ndani, pembeni. Mvuvi wa huku anajua samaki wengi wanavuliwa usiku. Kumkataza usiku ni kumkata mshahara. Lakini mpaka ulishakuwa habari ya usalama, na ndani ya habari ya usalama mvuvi ni mtu wa kupekuliwa.

Februari 2019: mnada

Sasa tuje kwenye pembetatu yenyewe.

Somalia ilipeleka kesi mahakama ya Hague, ile ICJ, tarehe 28 Agosti 2014. Kenya ilitaka mpaka ufuate mstari wa latitudo, yaani utoke ufukweni uende mashariki moja kwa moja. Somalia ilitaka mstari wa kati, ambao unakwenda kwa mshazari ukifuata umbali sawa kutoka pwani zote mbili. Kati ya mistari hiyo miwili ndipo ilipo pembetatu, takriban kilomita za mraba 100,000. Ili upate picha: nchi kavu ya kaunti nzima ya Lamu haifiki kilomita za mraba 7,000.

Kesi ilikuwa inakwenda polepole, na wengi hatukuwa na habari nayo. Halafu tarehe 7 Februari 2019 Somalia ikafanya mkutano London kuwaonyesha wawekezaji data za mafuta ya baharini. Siku chache baadaye serikali ya Kenya ikatoa taarifa kali. Ikasema Somalia imepiga mnada vitalu vilivyo ndani ya eneo la Kenya, ikaliita jambo hilo uchokozi, ikamrudisha nyumbani balozi wake wa Mogadishu na kumwambia balozi wa Somalia arudi kwao kwa mashauriano.

Neno "mnada" ndilo lililoshika moto. Mnada kila mtu anaujua. Mnada ni pale jirani anapouza mbuzi wako sokoni na wewe uko hai. Siku mbili tatu nchi nzima ilikuwa inazungumza habari ya mafuta yetu kuuzwa. Vijana ambao hawajawahi kuiona bahari ya Kiunga walikuwa tayari kwenda vitani kwa ajili yake.

Somalia ilijibu. Ilisema haijatoa vitalu vyovyote ndani ya eneo linalobishaniwa, na haitatoa mpaka mahakama iamue. Unaweza kuwaamini au usiwaamini, hiyo ni shauri yako. Lakini jiulize: ni wangapi kati yetu tulisikia jibu hilo kwa sauti sawa na tuliyosikia nayo shutuma? Shutuma hubebwa na ukurasa wa mbele. Jibu hubebwa na aya ya tisa. Na msomaji wa leo, mwenye bando ya shilingi ishirini, haifiki aya ya tisa.

Hapa silaumu waandishi kwa kusema uongo. Serikali ilitamka, nao waliandika kilichotamkwa. Tatizo liko hapo hapo. Kwenye habari za mpaka, serikali ndiyo inayoitisha mkutano, ndiyo yenye ramani, ndiyo yenye lugha. Gazeti likichukua vyote vitatu kama vilivyo, hata bila kuongeza neno, tayari limeshachagua upande. Na mwandishi akiuliza swali gumu anaambiwa si mzalendo. Nani anataka kuitwa hivyo nchi ikiwa imepandwa na hasira?

Najua yuko atakayesema, bwana, gazeti ni karatasi, linaweza kufanya nini? Msikilize huyu.

Kati ya Ugiriki na Uturuki kuna visiwa viwili vidogo sana, Wagiriki wanaviita Imia, Waturuki wanaviita Kardak. Wakazi wake ni mbuzi. Desemba 1995 meli ya Kituruki ilikwama hapo, na serikali mbili zikabishana ni nani mwenye maji. Kwa wiki kadhaa yalikuwa mambo ya barua za kibalozi. Januari 1996 habari ikatoka kwenye vyombo vya habari vya Ugiriki. Meya wa kisiwa cha jirani akaenda kusimika bendera ya Ugiriki. Tarehe 27 Januari waandishi wa gazeti la Hürriyet la Uturuki wakapanda helikopta, wakatua pale, wakaing'oa bendera ile na kusimika ya kwao, wakapiga picha. Waandishi, sio wanajeshi! Ndani ya siku chache meli za kivita za nchi zote mbili zilikuwa zinatazamana. Helikopta ya Kigiriki ikaanguka, maofisa watatu wakafa.

Watu watatu, kwa visiwa vya mbuzi. Kwa hiyo usiniambie karatasi.

Mbona Migingo tunaijua?

Kuna mzozo mwingine wa Kenya ambao kila mtoto anaujua: Migingo, kule Ziwa Victoria, sisi na Uganda. Jiwe dogo ambalo halifiki hata ekari moja. Mwaka 2009 lilikuwa kila mahali. Rais Museveni alitoa kauli yake iliyokumbukwa, kwamba kisiwa ni cha Kenya lakini maji ni ya Uganda, na watu wakacheka mpaka leo.

Lakini fikiria picha ya Migingo iliyoko kichwani mwako. Mabati. Nyumba zimebanana juu ya jiwe mpaka hakuna pa kuweka mguu. Mashua, wavuvi, samaki. Picha hiyo ndiyo iliyochapishwa tena na tena, na kwa sababu hiyo mjadala wa Migingo ulikuwa na watu ndani yake: wavuvi wananyanyaswa, wanatozwa, wanakamatwa. Hata aliyekasirika alikasirika kwa ajili ya mtu.

Pembetatu yetu haikupata picha kama hiyo. Ilipata ramani ya vitalu. Na ramani ya vitalu inakufundisha kuuliza swali moja tu: mali ni ya nani? Haikufundishi kuuliza anayevua pale ni nani, anapopotezwa na upepo akavuka mstari asiouona inakuwaje, ana ndugu upande gani. Mizozo miwili, nchi moja, magazeti yale yale. Picha ndiyo iliyotofautisha tulichohisi.

Niseme pia, maana haki ni haki: wako waandishi waliofunga safari mpaka Kiunga na Kizingitini, wakakaa na wavuvi, wakaandika vizuri. Nimezisoma kazi zao. Lakini habari zao hazikuwa ukurasa wa mbele siku ya hukumu.

Oktoba 2021: "tumepoteza"

Machi 2021 Kenya ilijiondoa kwenye vikao vya kesi. Tarehe 12 Oktoba mahakama ikasoma hukumu. Kenya ikaikataa. Huku kwetu neno lililotawala lilikuwa "kupoteza", na Mogadishu lilikuwa "ushindi". Kama matokeo ya mpira.

Haya, sasa soma kilichoamuliwa. Mahakama ilikataa mstari wa latitudo wa Kenya. Ilisema hakuna ushahidi wa kutosha kwamba Somalia iliwahi kuukubali kwa kukaa kimya. Lakini pia haikuuchukua mstari wa Somalia jinsi ulivyo. Ilianza na mstari wa kati, halafu ikausogeza kaskazini, upande unaoifaa Kenya, kwa sababu Kenya imebanwa kati ya Somalia na Tanzania na bahari yake ingekatwa mno. Somalia pia iliomba mahakama itamke kwamba Kenya ilivunja sheria kwa shughuli zake kwenye eneo hilo, na ombi hilo likakataliwa. Kwa hiyo kulikuwa na mstari wa tatu, ambao hakuna upande ulioubeba kwenda nao mahakamani.

Na kuna hili, ambalo hata mimi liliniacha mdomo wazi. Dai la Kenya la mstari wa latitudo lilitangazwa na Rais mwaka 1979, likarudiwa 2005. Sawa. Lakini sheria za Kenya yenyewe, ya 1972 na ya 1989, kwa bahari iliyo karibu na pwani zilitaja mstari wa kati. Na ile ya 1989 ilisema mpaka wa eneo la uchumi wa baharini na Somalia utawekwa kwa makubaliano ya nchi mbili. Sheria zetu, zilizopitishwa na Bunge letu! Ukijua hilo, huwezi kusema tu kwamba mtu alikuja akanyakua kitu kilichokuwa mfukoni mwetu. Unaweza bado kusema hukumu haikuwa nzuri kwa Kenya. Unaweza kusema mstari wa latitudo una mantiki, maana ndio tuliokubaliana na Tanzania mwaka 1976. Hizo ni hoja, na mtu mzima anabishana kwa hoja. Lakini "tumeporwa" sio hoja.

Kuna tofauti kubwa kati ya kupoteza kitu na kutopewa ulichodai. Neno "kupoteza" linafuta tofauti hiyo. Na anayeamini ameporwa hatafuti jirani wa kuzungumza naye, anatafuta mwizi wa kumshika.

Usidhani upande wa pili ni malaika. Mwaka 2009 mawaziri wa nchi hizi mbili walitia sahihi karatasi ya maelewano kuhusu kupeleka madai yao Umoja wa Mataifa. Ilikuwa karatasi ya utaratibu, haikugawa bahari. Lakini Somalia ilipokelewa kama kuuza bahari ya taifa, na bunge lao likaikataa mwaka ule ule. Kule nako bahari iligeuzwa heshima ya taifa, na mwanasiasa yeyote aliyetaja mazungumzo akawa msaliti. Vioo viwili vinatazamana, kila kimoja kinaona mwizi.

Anayelipa

Nisingeandika yote haya kama ni habari ya mistari tu.

Niliwahi kuweka klipu ya mzee mmoja mvuvi, anaeleza kwa Kibajuni jinsi ya kusoma maji ya bamvua. Klipu nzuri, ya dakika moja. Komenti ya tatu: "huyu ni Msomali, arudi kwao." Mtu aliyeandika alikuwa kijana kama mimi, ana picha ya bendera ya Kenya. Mzee yule amezaliwa Lamu, baba yake amezaliwa Lamu, na lugha aliyokuwa akiongea ni dada wa hii unayosoma sasa. Huyo kijana hakuzaliwa na chuki. Mtu alimchorea mstari kichwani, na upande wa kaskazini wa mstari akaandika "adui".

Na mstari huo una meno. Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wabajuni wa visiwa vya kule walikimbia kwa majahazi wakaja Kenya, wengine wakawekwa kambi ya Jomvu, Mombasa. Somalia walionekana si Wasomali wa kweli, na Kenya wakaonekana si Wakenya. Waliofika Uingereza kuomba hifadhi walipimwa kwa lugha: wataalamu wanasikiliza unavyoongea waamue wewe ni Mbajuni wa Somalia au wa Kenya. Fikiria, watu wa ukanda mmoja, waliogawanywa mwaka 1924 na nchi hiyo hiyo ya Uingereza, wanaulizwa na Uingereza wathibitishe ni wa upande gani wa mstari. Ukikosea neno moja unarudishwa.

Huku nyumbani, kijana wa Kiunga anayeomba kitambulisho kwa miaka mingi amekutana na maswali ambayo wewe wa Nakuru huulizwi. Wanaomhoji nao walikulia wakisoma magazeti yale yale.

Basi tufanye nini?

Sikuambii uache kusoma magazeti. Wengi wetu siku hizi hata hatuyasomi, tunasoma kichwa cha habari kilichopigwa picha na kutumwa kwenye grupu. Hiyo ni mbaya zaidi, maana hata ile aya ya tisa haipo tena. Na sisi wenye kurasa na wafuasi tunafanya kazi ile ile ya mhariri. Ukikopi ile ramani na kuweka wimbo wa kizalendo juu yake, umechora mpaka. Usijidai ni burudani tu.

Kwa hiyo, habari ya mpaka ikija, na itakuja, jiulize mambo manne. Nani aliyechora hii ramani, na ameacha majina gani? Kitenzi kilichotumika ni kipi, na je, kinaelezea kilichotokea au kinanipandisha hasira? Upande wa pili umejibu nini, na jibu liko aya ya ngapi? Na yule anayeishi pale, anayelala na kuamka juu ya huo mstari, amepewa nafasi ya kusema?

Swali la nne ndilo kubwa. Magazeti yetu yakilijibu vizuri, mtoto wa Eldoret atajua kwamba kaskazini ya Lamu kuna kijiji kinaitwa Ishakani, kuna watu, kuna visima, kuna makaburi ya mababu, na kwamba mtu anaweza kuwa Mkenya kamili na shangazi yake akawa Koyama. Mtoto huyo atakuwa mgumu kudanganywa siku mkubwa fulani atakapohitaji adui kabla ya uchaguzi.

Niandikieni hapo chini. Wa Busia, wa Moyale, wa Taveta, wa Namanga, nyinyi hasa: mtaani kwenu mpaka mliujua kutoka kwa nani kwanza, kwa bibi au kwa gazeti? Na hao wawili walisema kitu kimoja?